Nukta Tatu

Somoe Nangomwa kaileta ndani ya soksi,
saa ya marehemu mumewe, ile ya vitufe viwili.
Mnunuzi wa Dar anasubiri neno langu tu:
orijino, au imechokonolewa?

Nafunga mlango. Hapa Ndoro vumbi halipigi hodi.
Lenzi jichoni, pumzi pembeni.

Uso umegeuka rangi ya chai ya maziwa iliyopoa,
umegeuka wote, bila pupa,
na maandishi ukiyainamia utaona yameinuka
kama uzi kwenye kofia ya kushona.
Uso ni wake.

Kitufe cha juu kimelika. Cha chini kimelika nusu yake.
Hesabu inakubali: juu unabonyeza mara mbili,
kuanza na kusimama;
chini mara moja, kufuta.
Mwalimu Chinguile alipima mbio za watoto kule Nachingwea
miaka thelathini, pekupeku wote,
na kidole chake bado kimo humu.

Nazima taa.
Mshale wa saa umekufa gizani, umri wake unaruhusu.
Wa dakika unawaka kijani.

Hapo nilijua ninakokwenda. Nikaenda taratibu.

Mfuniko. Skrubu zote zina vichwa vizima, moja ina kovu
la bisibisi iliyoizidi ukubwa.
Na pembeni, kwa ncha ya sindano, nukta tatu.
Sindano hiyo ninayo.

Mwaka daraja la Rufiji lilipofunguliwa,
Ijumaa, adhana inaita, mkono wa kijana una haraka:
tik, mshale ukakatika.
Nikachomoa mwingine kwenye saa iliyokwisha kufa,
nikaupaka rangi ya kuwaka,
nikamwambia, "Nimesafisha tu, Mwalimu."
Alinilipa. Akaniongezea korosho kwenye karatasi ya daftari.

"Vipi?" anauliza Somoe.
Namwambia vyote ni vyake, kasoro mshale mmoja.
"Huo wa nani?"
"Wangu."
Anaikunja soksi, anaikunjua. "Bei itashuka?"
"Itashuka."
Hasemi kitu. Na kuondoka haondoki.

Fundi hatupi. Namwaga kopo la dawa ya viatu
juu ya gazeti: mishale sabini, themanini, midogo kama kope.
Mmoja wao umekatika karibu na tundu.
Hautafaa kitu, namweleza, hata tukiupata.
Somoe anavuta kigoda,
anatenga wa kwanza kwa ukucha.