Msoma Mita

Bili inasema V. Kalyanji.
Aliyefungua mlango ni Mwanahamisi Shekidele,
unga wa maandazi hadi viwikoni.
"Kalyanji hayupo," ananijibu, kama mwezi jana,
"aliondoka sijazaliwa. Ila umeme wake ninaulipa mimi."

Tunacheka. Tumezoeana.
Juu ya kichwa chake, kwenye plasta, 1934
na ua la saruji lililobaki petali mbili.
Napita ukumbini, nasogeza kabati, nawasha tochi.

Miaka kumi na tisa nausoma mji wa Tanga hivi,
kwa nyuma, upande wa nyaya.
Wageni husimama mbele na kamera;
mimi najua kila nyumba ilipoficha vumbi lake.

Barabara ya Soko, mita ya A. Mascarenhas:
fundi suti wa Kigoa. Kwenye sakafu mashimo manne
cherehani ilipokanyaga miaka arobaini.
Kijana anayeuza vocha ameweka stuli humohumo,
miguu minne, mashimo manne,
anashangaa kwa nini haiyumbi.

Bombo, mita ya Stavrou, Mgiriki wa mkonge.
Fundi wa Kidigo alichorewa nguzo za kwao,
akajenga tatu sawasawa na moja nene.
Labda mchoro ulilowa. Labda alichoka kulipwa nusu.
Mzeituni alioupanda mke wa Stavrou haujazaa hata siku moja.
Mlinzi anauanikia sare.

Ngamiani, barabara ya nane, bado yupo Bajabir,
kitukuu cha Bajabir wa kwenye bili,
kahawa chungu, kashata zimepangwa kama vigae.
"Sisi ni Washihiri," anasema.
Shihiri ni wapi?
Ananyoosha kidevu: "Huko. Nyuma ya soko."

Na mnara wa saa, uliojengwa na Wajerumani,
leo unasema saa nne kasorobo, jua likiwa utosini.
Saa waliileta wao;
kuchelewa imejifunzia hapa.

Sasa mita tunazing'oa. Amri imetoka.
Mpya haimjui Kalyanji wala Stavrou,
ina tarakimu kumi na moja na taa nyekundu,
lipa kwanza, waka baadaye.

Ningefurahi. Nina haki ya kufurahi.
Babu yangu hakuandikwa juu ya mlango wowote.
Alitoka Buha, siku tisa za treni na lori,
karani wa mkonge akamtazama mdomoni,
akashindwa kuandika Bulakuvye,
akamkabidhi kipande: 4417.
Manamba.
Alijenga kwa udongo, na udongo, masika moja,
ukarudi chini bila kuaga.
Alinifundisha kuhesabu kwa namba yake,
nne, nne, moja, saba.
Nilidhani ndivyo hesabu inavyoanza.

Lakini bisibisi ilipolegeza skrubu ya mwisho
na kibati chenye jina kikabaki mkononi mwangu,
chepesi kama gamba la changu,
nilisita.

"Vipi, fundi?"
"Skrubu ina kutu."
Nikatoa penseli, nikaandika ukutani
pale mita mpya itakapofunika: V. Kalyanji.

Mwanahamisi akainama, akasoma taratibu.
"Na mimi je? Nimelipa miaka ishirini na mbili."
Akasimama juu ya bega langu, akanisahihisha:
"Shekidele, siyo Sekidele. Andika vizuri,
kwa herufi kubwa, mjusi asome."

Nikaandika. Akarudi kwenye mafuta yake yaliyokuwa yanachemka.
Ukuta ulikuwa na nafasi bado,
kama upana wa kiganja,
na penseli haikuwa imeisha ncha.