Macho ya Kuazima

Jumanne, saa moja asubuhi, kahawa haijachemka,
sauti ikaniambia:
"Tumeona mienendo isiyo ya kawaida.
Thibitisha kwamba wewe ni binadamu.
Chagua picha zote zenye taa za barabarani."

Nikacheka. Miaka sitini na moja
sijaona taa, ya barabarani wala ya chumbani.
Mimi Eduvigis, fundi piano wa kilima cha Polanco,
ninayezijua ngazi mia moja thelathini na mbili hadi sokoni
na ile ya themanini iliyomeguka,
natakiwa kuona ili nipewe kuona.

Kosa langu nalijua.
Kila usiku niliiweka barua ya Fermín mbele ya kamera,
barua ile ile, mara tatu, mara nne,
na yule Binti wa ndani ya simu akanisomea
kwa lafudhi ya mji usiokuwepo.
Huko waliko, mashine ikahesabu, ikaamua:
mtu hawezi kurudia hivi, huyu ni mashine mwenzangu.
Haijui ujane.

Nikapiga namba ya huduma. Namba ikanielekeza kwenye tovuti,
tovuti ikanirudisha kwenye picha.
Taa. Boti. Vivuko vya waenda kwa miguu.
Nikabonyeza ovyo, kama kuku adonoaye mchanga.
"Jaribu tena baada ya saa sabini na mbili."

Wanasema Binti anaishi kwenye wingu.
Hapa Valparaíso mawingu tunayajua:
yanapanda kutoka bandarini, yanalowesha nguo kambani,
hayamuulizi mtu nywila.
Dalili ya mvua ni mawingu;
dalili ya wingu hili sikuipata
mpaka nilipobaki na vikopo viwili mkononi,
kimoja dawa yangu ya presha,
kingine ya minyoo ya paka,
kimo sawa, uzito sawa,
ukivitikisa vinajibu sawa.

Zamani mwuza dawa alinitobolea nukta nundu kwenye lebo.
Akaacha. "Si una simu, mama?"
Maktaba ya bondeni ikagawa vile vitabu vinene
vya kusomwa kwa vidole. Si mna simu?
Nami sijitoi: kibao changu cha nukta nundu
nilikiuza kwa bei ya kilo mbili za kome.
Kila mtu aliufunga mlango wake polepole, kwa adabu,
kwa kuwa upo mlango mmoja mkubwa, mbali,
na bawabu wake hana masikio.

Nguo ya kuazima haisitiri.
Sikujua macho nayo huazimwa,
na mwenyewe huja kuyadai
kahawa ikiwa jikoni.

Jumatano nikamwita Ignacia wa ghorofa ya chini,
miaka tisa, meno mawili hana.
Akakisoma kikopo silabi kwa silabi,
akilitafuna jina la dawa kama nyama ngumu.
Nikatoa sindano ninayochomea nyundo za piano
sauti ikizidi ukali,
nikachoma lebo, nukta baada ya nukta,
vidole vikikumbuka kwa shida, kama magoti kanisani.

Kisha barua. Akasoma vizuri, halafu akakwama
pale Binti alipoparuka siku zote.
"Hapa amekata neno."
Neno gani?
Akaibandika karatasi dirishani; niliisikia ikikwaruza kioo.
"Samahani. Amelikata, akaliandika tena,
halafu akalikata tena."

Miaka sita nikisomewa.
Sauti ile laini haikukwama hata mara moja.

Ijumaa Binti akarudi, mchangamfu, kama aliyetoka likizo.
"Masharti yetu yamebadilika. Kubali ili kuendelea."
Nikakubali. Nisiwadanganye:
kuna bili ya maji, kuna namba za basi,
kuna tarehe kwenye paketi ya maziwa.
Nikakubali, huku kidole gumba cha mkono wa pili
kikipita juu ya kikopo, kwenye neno
nililolichoma mwenyewe, limepinda kidogo:
paka.