Kwa Mgonjwa

Katika kazi yetu, uongo wa daktari wa meno haufui dafu.
Wengine hapa Opole huaga hivyo, kiganja shavuni,
kisha utawaona wanapanda treni wamechana nywele.
Lakini sisi ndio tuchongao meno ya mji mzima.
Nikisema linaniuma, Bwana Gerwazy atauliza, Lipi?
na atavuta taa, aniambie niachame.

Kwa hiyo nimejizulia paka.
Ana figo mbovu. Hupelekwa kwa daktari wa wanyama
kila nipatapo barua ya kuitwa.
Safari ya kwanza alilazwa saa tatu,
ya pili nusu siku, maana treni ya Wrocław
ilikwama kwenye theluji, nje kidogo ya Brzeg,
nami dirishani, na blauzi ya harusi ya dada yangu,
nikikariri: nina miaka kumi na mmoja kazini,
nashirikiana vizuri na wenzangu,
udhaifu wangu ni kwamba —
hapo nikakwama kama treni.

Udhaifu wangu ni mshahara usiopanda
tangu mwanangu aanze shule, naye sasa ananipita bega.
Udhaifu wangu ni vumbi la plasta kooni, Januari hadi Januari.
Sikuyasema hayo. Nilisema: mimi hujali mno.
Wakacheka kwa adabu, wakaandika.

Huko meno huchapwa na mashine. Unakaa,
unaligeuzageuza gego kwenye kioo cha kompyuta
kama mtu anayechagua nyanya,
na hakuna anayekohoa.
Bwana Gerwazy husema meno yale hayana mkono ndani yake.
Husema hayo akipuliza nta, miwani imeshuka puani,
na lile gego analolipuliza, Mungu ni shahidi,
ni zuri kuliko lolote nililopata kuliona
katika kinywa cha mtu aliye hai.

Wahenga walinena: jino la pembe si dawa ya pengo.
Sisi tumekula mkate kwa kuwabishia wahenga.
Tumeziba mapengo ya makasisi, ya bibi harusi,
ya refa mmoja wa hoki ambaye hadi leo hajalipa.
Ila siku hizi, jioni nikizima taa,
naliona pengo pale pale kwenye benchi,
kati ya Jagna na dirisha, mahali ninapokaa.
Mimi nimo, na pengo limo.

Simu hutetemeka mfukoni mikono ikiwa imejaa plasta.
Huipokea kwa kidole kidogo.
Hapana, nasema, umekosea namba.
Kisha hushuka ngazi hadi ghala la makaa
na kuipiga namba hiyo hiyo,
nikinong'ona kama mwenye mume wa pili.

Jumatano iliyopita nilisahau kifungo cha juu cha koti la kazi.
Kola ya blauzi ikachungulia.
Bwana Gerwazy akaiona. Nilijua ameiona
kwa sababu siku hiyo hakuuliza habari za paka.
Alinyoosha kidole chenye nta,
akapangusa chembe ya plasta pale kwenye kola,
polepole, kama anavyomalizia jino la mbele,
akarudi kwenye kiti chake.

Jioni nikakuta juu ya mkoba wangu
furushi la gazeti: samaki wawili wa moshi,
miiba imetolewa yote, kwa koleo zetu zile ndogo.
Na mwandiko wake, wa kuinama: Kwa mgonjwa.

Niliwala nimesimama jikoni, kwa mkate, bila kuwasha taa.
Mwanangu akauliza kutoka chumbani, nini kinanukia?
Barua ya Wrocław ilikuwa mezani, haijafunguliwa,
na ulimi wangu, bila kutumwa na mtu,
ukawa unatafuta mwiba
ambao haukuwapo.