Tumbo Moja

Daktari wa Mombasa alitoa kalamu nyeusi
akachora miraba kwa wanaume, maduara kwa wanawake,
akaniuliza nani kafa, na kafa na nini.
Babu: tumbo.
Shangazi Mwanaesha: tumbo.
Ami Famau, huyo alirogwa.
Kalamu ikasita. Alirogwa wapi?
Tumboni.

Akaipaka weusi miraba miwili na duara moja,
na duara langu akalipaka nusu.
"Huenda," alisema. "Bado hatujui.
Lakini waambie ndugu zako wa damu."
Damu. Ndilo neno lenyewe
lililonikwama miezi minane,
nikivuta maji haraka, nikijiambia bawasiri,
nikila mapapai ya watu.

Nyumba yetu ina nasaba nyingine.
Iko kidakani, ndani ya kitambaa cha kijani,
fulani bin fulani bin fulani mpaka Hadhramauti,
hutolewa wakija wachumba.
Hii ya pili niliikunja mara nne nikaitia kifuani,
ikalowa jasho kutoka Mombasa hadi Mokowe.

Nikaingia Langoni wiki ya harusi ya Arafa.
Masufuria ya kukodi yamejaa uani,
punda wawili mlangoni na magunia ya mchele,
wanawake wanamenya vitunguu saumu, wanasengenya kwa heshima.
Mama akanivuta nyuma ya pazia:
"Si wiki hii, Tumu. Watu wa Pate washaleta mahari.
Nani ataoa nyumba ya matumbo mabovu?"
Mama hana kosa. Duara lake ni jeupe,
alikuja hapa na tumbo la kwao.

Kaka yangu Lali alikuwa akiandika michango:
elfu kumi, elfu tano, mbuzi.
Nikamwambia, upo na mchango alioacha babu.
Akacheka kabla sijamaliza.
"Usiniletee utumbo, nina kazi."
Utumbo ndio nilioleta. Sikuwa na zawadi nyingine.

Binamu Shekuwe aliniombea dua, nzuri, ndefu;
nikaitikia amina, kisha nikamwambia ipo pia kamera.
"Inapitia wapi?"
Nikamwambia.
Akaondoka na kiatu chake kimoja na changu kimoja.

Shangazi Zena, aliyebaki peke yake katika watoto wa babu,
hakuacha kusuka ukili.
"Ya chooni hayasemwi. Mtu huumwa, basi."
Nimeshazika watatu walioumwa, basi.

Usiku wa hina Arafa kakaa mikono juu,
piko bichi hadi viwikoni,
akaniita mimi, si mamake, nimsindikize msalani.
Nikamkunjia leso, nikamshikia kopo,
nikageukia ukuta kama inavyopasa.
"Shangazi," alisema nyuma yangu,
"lile ulilomwambia baba.
Mimi naiona tangu Ramadhani."

Sisi ni tumbo moja: watu wetu husema hivyo
wakitaka kupatana,
wakitaka kugawana minazi bila kesi.
Sikuwahi kulisikia neno hilo
kama nilivyolisikia pale,
kati ya ndoo na chokaa inayobanduka.

Nikaitoa karatasi.
Daktari hakumchora, maana sikumtaja;
ana miaka ishirini na miwili,
nani angemtaja?
Mikono yake haikuweza kushika kitu,
nikaishika mimi, karibu na taa,
nikamwonyesha kwa kidole mahali patupu
chini ya mraba wa babake.

Aliangalia muda mrefu.
"Niwaambie kabla ya nikahi, au baada?"

Nje walikuwa wakituita, vigelegele vimeanza,
mtu anauliza bibi harusi kazama wapi.
Sikujua.
Nikammiminia maji.