Shimo la Kibati

Jembe liligonga likalia kama sufuria.
Tukasogea hatua mbili. Likalia tena.
Mara ya tatu Nyirabagenzi, mwenye ng'ombe,
aliyekuwa ameegemea chukudu yake, akacheka:
"Hapa udongo haulali chini ya nyasi,
umekaa katikati ya mawe
kama ugali katikati ya meno."

Agronomi Kanane alitoka Goma kwa pikipiki
na fomu, na utepe wa kupimia,
na chupa ya maji aliyosahau kuinywa.
Mimi nilikuwa mchimbaji wake, dola tano kwa siku.
Nachimba, anaandika.

Kina: sentimita ishirini na nane, kisha mwamba.
Rangi: nyeusi. Ukilowa, nyeusi zaidi,
masizi ya tako la chungu.
Kokoto: sehemu sita kwa kumi.
Aliniambia nizichekeche, nizihesabu.
Ni nyepesi, zina matundu matundu.
Moja nikaitupa ndooni.
Ilikaa juu kidogo, ikitoa mapovu,
kama mtu anayefikiri kabla ya kukubali,
ndipo ikazama.

"Mvua hapa?"
"Nyingi."
"Na maji?"
"Hakuna."
Kalamu ya Kanane ikabaki hewani.

"Mvua yetu ni mgeni asiyeketi," akasema mama yule,
"huingia kwa mlango wa kokoto
akatokea huko ziwani, hajala, hajaaga.
Nami namfuata kila asubuhi kwa chukudu hii,
bidoni sita, namrudisha mlimani kwa kifua changu,
Gaju anywe, na ndama wake anywe."

Kwenye fomu: *hupitisha maji upesi mno.*

Lakini uchukue huo udongo wenyewe, ule kidogo ulioko.
Uuminye kati ya gumba na kidole.
Kwanza mkavu, unakataa.
Uendelee kuubana, ghafla unatoa jasho,
unateleza kama sabuni ya kipande,
na uking'oa shina la nyasi
mizizi inatoka imekumbatia kijiwe,
imeingia tundu hili, imetokea lile,
huwezi kuitenganisha bila kisu.
Kanane alijaribu. Akakata tamaa, akatia vyote mfukoni.

Ng'ambo ya uzio wa mawe kuna ulimi mwingine,
ule wa mwaka elfu mbili na mbili.
Huko hakuna cha kuchimba.
Kuvu ya kijivu, majani ya jimbi kwenye nyufa,
mbuzi mmoja asiye na akili.
"Chini pale kuna jiko letu," Nyirabagenzi alisema.
Hakuonyesha kwa kidole, alionyesha kwa kidevu.
"Maharage yalikuwa motoni."
Nilikumbuka mlio wa jembe
nikatamani ningelisema nimesikia kitu kingine.

Fomu ina kisanduku cha umri wa udongo.
"Tuandike nini?"
"Muulize jirani." Akainua macho kwa Nyiragongo,
ambao mchana huo ulijifunika wingu lake
kama mdeni akisikia hodi.
Haina kisanduku cha mazuku,
ile pumzi ya bondeni inayolaza kondoo bila jeraha.
Haina kisanduku cha maharage.
*Matumizi: malisho,* akaandika Kanane,
kisha akafuta, kisha akaandika tena neno lilelile.

Tulipofukia shimo, mawe yalizidi.
Hili sijaelewa hadi leo: yalitoka humohumo,
lakini yalikataa kurudi yote.
Nyirabagenzi hakushangaa. Aliyabeba mawili mawili
akayapandisha juu ya uzio.
Gaju akaja akajikuna shingo pale,
polepole, akiwa amefumba macho.

Usiku, Birere, nilinawa mikono ndani ya beseni.
Maji yakawa meusi. Weusi wa kucha haukutoka.
Nilitaka kuyamwaga mtaroni
kama ninavyomwaga siku zote.
Nikafungua mlango, nikayapeleka kwenye kopo la mafuta
ambamo mke wangu amepanda nyanya mbili,
nikamwaga taratibu,
nikingoja yapite,
yakakaa.