Zamu ya Usiku

Saa nne kasoro, Barabara ya Kumi na Tatu,
baiskeli zimeegeshwa ukutani, pedeli kwa pedeli,
kama zamani,
ila leo mlangoni hakuna wa kukagua kadi.
Yupo Mbaruku, tochi mdomoni,
anagonga mhuri wa zambarau kiganjani:
elfu tatu; ukibisha, Makorora kuna bure.

Hili lilikuwa ghala la singa.
Udi umefukizwa tangu magharibi,
kinamama wamejipulizia mpaka mbu wamehama,
lakini dari likipata unyevu
mkonge hushuka, ukakaa kooni
kama jina la mtu usiyetaka kumtaja.

Spika kubwa imepandishwa juu ya mzani wa robota.
Mshale umegoma kwenye mia mbili na hamsini
tangu mwaka ule milango ilipofungwa kwa mnyororo
na mishahara ikabadilishwa jina, ikaitwa malimbikizo.
Vijana husimama pale wawili wawili, wapigwe picha:
"Tazama, penzi letu lina kilo!"

Mimi napiga kinanda. Kutoka pembeni huku
naona migongo zaidi ya nyuso,
na mgongo wa Chausiku Mhando naujua hata gizani.
Miaka kumi na tisa alisimama hapahapa, mashine namba sita.
Sasa anauza kahawa na kashata;
wimbo ukimgusa huacha birika,
hujifunga leso,
huja na noti juu, kaishika kwa vidole vitatu.
Viwili aliviacha kazini.
Hajawahi kusema viliishia katika kamba ipi,
wala kamba hiyo ilifunga meli gani.

Zuleha hakuwa amezaliwa. Yeye anaimba tu:

*Ulinisokota kamba, ukanifunga moyoni,*
*leo umekata kamba, fundo umeacha ndani.*

Chausiku anamtunza, noti kwenye paji la uso,
anarudi kinyumenyume, mabega yakisema mengine.

Saa sita na robo umeme ukakatika.
Kinanda changu kikafa katikati ya neno.
Kimya.
Kisha sauti yake, kavu, ya mnyapara:
"Mikono mbali na mashine!"

Ukumbi ukaangua kicheko,
isipokuwa watu wanne, watano,
ambao mwanga wa simu uliwakuta
wameshaficha mikono mgongoni.

Mmoja wao akaanza kugonga meza,
ta-ka-ta, ta-ka-ta,
mwingine akajibu kwa kisigino.
Sikuhitaji kuambiwa ule ulikuwa mdundo wa nini.
Zuleha akaudaka, akaupanda,
na umeme uliporudi
nikakiacha kinanda kimya, mikono mapajani.

Alfajiri Chausiku anasukuma baiskeli, mnyororo umelegea,
birika linagongana na vikombe kapuni.
Mbaruku, ambaye humlipisha hata yeye, anamtania:
"Bibi, wino huo hautoki hata kwa jivu."
"Uache," anasema. "Kesho nipite nao.
Mnanidai bado, mnidai na kiingilio?"