Valvu ya Nane

Miwa imelala siku ya tatu Chemelil,
inapoteza uzito, na mwenye trekta anapiga simu
kila baada ya saa, kana kwamba simu ni spana.

Nimepiga magoti mbele ya hedi.
Masizi nimeyatoa kwa brashi ya waya,
kila siti nimeipangusa kwa fulana kuukuu
ya mzee Owuoche, aliyenifundisha.

Pesti kidogo, kiasi cha punje ya mtama,
kijiti kati ya viganja, kisha pekecha:
kushoto, kulia, inua, geuza robo, rudi.
Nyanya yangu alipekecha hivi hivi kupata moto;
mimi napekecha ili kusiwe na moshi.

"Usitafute kung'aa," Owuoche alikuwa akisema,
"tafuta pete ya kijivu isiyokatika,
upana wa njiti ya kiberiti.
Chuma kinachong'aa ni shemeji mwenye maneno matamu,
kuna mahali kinavuja."

Jana jioni niliosha pesti yote kwa petroli,
nikamimina mafuta ya taa juu ya valvu,
nikatandika gazeti chini ya matundu.
Asubuhi, saba: pakavu kama njia ya Januari.
Ya nane, doa,
si kubwa kuliko ukucha wa mtoto.

Hakuna mwingine aliyeliona. Simu inalia.
Kijana wa spea anasema, funga tu, Achola,
ikipata moto itashika.

Nachukua kijiti.
Kushoto, kulia, inua.
Gazeti nimelianika juani; lile doa
limekaa juu ya mdomo wa mtu
anayeahidi barabara.